Daktari Mpya na Jina Lisilotajwa

Mwanangu, kuna siku moja haijanitoka kichwani mpaka leo. Ilikuwa asubuhi ya ukungu huku kwetu Nainokanoka, ukungu ule ambao ng'ombe wako mwenyewe unamjua kwa kikohozi tu. Gari la kliniki likasimama, akashuka mpwa wangu Paskalina, daktari bingwa mpya kabisa wa magonjwa ya akili. Koti jeupe. Viatu vyeupe. Viatu vyeupe Nainokanoka, msimu wa mvua. Nikasema moyoni, leo tuna kazi.

Lakini subiri kwanza. Naona unajiuliza huyu anayeniita mwanangu ni nani, maana nasikia wewe una digrii juu ya digrii, na mimi niliishia darasa la saba, tena mwalimu alinipitisha ili tu nisirudi kumsumbua mwaka unaofuata. Nauza sukari, sabuni na vocha kwenye kibanda changu. Ndevu zangu hata mtoto wa chekechea anazimaliza kuzihesabu. Sasa uzee nimeutoa wapi?

Nimeutoa kwa baba yangu. Baba alioa wake kadhaa. Mama yake Paskalina ni binti wa mke mkubwa, aliolewa Karatu na mwalimu Mwiraqw. Mimi ni kitinda mimba wa mke mdogo. Nilipozaliwa Paskalina alikuwa tayari anajua kuandika jina lake. Akija likizo ananibeba mgongoni, ananifuta kamasi, na bado mama yake anamkazania: "Msalimie mjomba wako kwa heshima." Basi ananisalimia, "Shikamoo mjomba," na mimi namjibu kwa kumlowesha mgongo.

Sasa yeye yuko kwenye kile chuo chenu cha madaktari bingwa, kile ambacho mtu akishafaulu mtihani wa mwisho wanamvisha joho na kumwingiza kwenye ukoo wao. Kazi yake ni kuwapokea wapya kama wewe. Juzi akanipigia simu, akasema, "Mjomba, nataka maneno ya mzee kwa hawa vijana wangu."

Nikamwambia, "Mzee yupi? Umepiga namba siyo."

"Ile habari ya Saitoti. Isimulie wewe. Mimi nikiisimulia naifanya inakuwa somo, wanaanza kuandika."

Basi mambo ni rahisi. Yeye ni kama mama yako huko chuoni, mimi ni mjomba wake, kwa hiyo wewe ni mwanangu. Ukibisha nakushusha ngazi moja, unakuwa mjukuu. Na Saitoti mwenyewe nimemwomba ruhusa. Kasema niandike, ila nisimpambe.

Saitoti ni rika langu. Tuliingia jandoni pamoja, tumechunga pamoja tangu ndama mpaka ng'ombe wakubwa. Alikuwa na kaka yake, amemtangulia kidogo tu, wakawa kama jicho la kulia na la kushoto. Siku moja nyati alimkuta yule kaka msituni, na hakurudi. Jina lake sitaliandika hapa. Usilitafute, hulipati.

Tangu hapo Saitoti akawa halali usingizi. Chakula akionyeshwa anakitazama kama vile ni cha mtu mwingine. Anaongea peke yake, halafu ananyamaza, anasikiliza, anainuka na kuelekea msituni. Mara ya kwanza tulimrudisha tukicheka, tukidhani ni mawazo. Baadaye hakuna aliyecheka. Mama yake akawa akienda kulala anafunga kamba kwenye mguu wa mwanawe na ncha nyingine anaifunga kwenye mkono wake mwenyewe, ili akiinuka amwamshe. Yule mama alikonda kuliko mgonjwa.

Baba yao mdogo, Mzee Koinet, ndiye mkubwa wa boma lile. Si mtu mbaya, nikwambie mapema usije ukamchukia. Alishachoka kuona boma linazama. Akaamua kijana apelekwe mbali, kwa mtu mmoja anayewafunga wagonjwa kwa minyororo mpaka watulie. Mimi nilishamwona mmoja aliyerudi kutoka huko. Alikuwa ametulia, ndiyo. Hata kisiki kimetulia. Mama akalia, akaomba kwanza aje huyu daktari mpya tuliyesikia yuko Karatu. Mzee akasema sawa, aje, akishindwa kesho yake naondoka na kijana.

Kwa hiyo ile asubuhi, mwanangu, Paskalina aliposhuka na viatu vyake, mtihani ulikuwa unamsubiri, na wa safari hii hauna marudio.

Tukapanda mlima kwa miguu kutoka zahanati hadi bomani. Njiani nesi akamweleza habari yote ya msiba, pamoja na jina la marehemu. Nesi ni mtu wa Moshi, alikuwa na wiki chache tu huku. Mimi nilikuwa mbele naonyesha njia na kupiga soga, sikuwasikia.

Tukafika. Mimi nikainamisha kichwa, Mzee Koinet akanigusa utosini, ndiyo salamu yetu ya kijana kwa mzee. Paskalina yeye akanyoosha mkono kama yuko ofisini. Mzee akautazama ule mkono, akaushika, akauachia. Kosa dogo, likapita. Tukakaa, Saitoti akaletwa, akakaa akitazama chini. Kiswahili anakijua, tulisoma dawati moja, na mzee naye anakisikia vizuri, kwa hiyo hakuna aliyehitaji mkalimani. Paskalina akaanza vizuri tu, sauti ya chini, hana kiburi. Unalalaje, unakulaje. Saitoti akawa anajibu neno mojamoja. Mama yake akasogea karibu. Nikaona mambo yanakwenda.

Halafu mpwa wangu akainama mbele, akasema kwa upole kabisa, "Pole sana kwa kifo cha kaka yako," na akalitaja jina.

Yeye akadhani hawakusikia, akalirudia. Akamuuliza kama huwa anamwota, na akalitaja tena.

Mwanangu, nasikia na wewe umefundishwa hivyo hivyo. Kwamba msiba usizungushwe zungushwe, marehemu atajwe kwa jina, usiseme ametuacha, sema amekufa, ili mgonjwa aukubali ukweli. Kwa watu wengine naambiwa inawasaidia sana, na siwabishii, mimi ni muuza sabuni. Lakini kwetu Wamasai aliyeondoka hatumtaji. Akiwepo mtoto mwenye jina kama lake, mtoto huyo tunamtafutia jina lingine. Na mpwa wangu alikuwa amelitaja mara tatu, mbele ya mama mzazi.

Mama akajifunika shuka usoni. Saitoti akasimama, akapita katikati yetu kama vile sisi ni mawe, akatoka kuelekea kwenye ng'ombe. Mzee Koinet hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alisema tu, "Binti, umemwita mtu ambaye hawezi kuitika. Sasa tukae hapa tumsubiri?" Akamgeukia mama wa Saitoti: "Kesho naondoka na kijana." Akainuka na fimbo yake.

Nje Paskalina akanishika mkono. "Mjomba, nimefanya nini?" Nikamweleza. "Kwa nini hukuniambia?"

Nikamwambia mimi nilidhani mama yako alikwambia, ni Mmasai. Kumbe mama yake naye alidhani mtoto akishasoma sana atajua mwenyewe. Na chuo nacho, nadhani, kilidhani atakuwa ameambiwa nyumbani. Unaona mambo hayo? Ng'ombe wa watu watatu hufa kwa kiu, kila mmoja anadhani mwenzake kamnywesha.

Sasa sikiliza alichotaka kufanya, maana hapa ndipo na wewe utateleza. Alisema, "Ngoja nimfuate mzee nimweleze kwa nini ni muhimu kumtaja marehemu." Yaani anaona moto, anataka kuuelimisha.

Bahati nzuri bibi yake Saitoti alikuwa mlangoni kwake. Tunamwita Koko, ndivyo tunavyowaita bibi. Meno yamebaki ya salamu tu, lakini masikio mazima. Akaita kwa Kimaasai, nami nikatafsiri: "Mwambie huyo mtoto wa Karatu aje anywe chai kabla hajaharibu kingine."

Tukaingia. Chai ya maziwa, moshi, macho yanachuruzika. Koko akamwacha anywe kwanza. Halafu akasema, na mimi nilipokuwa natafsiri sauti yangu ilikataa kufanya mzaha: "Unadhani hatumtaji kwa sababu tumemsahau? Jina lile nilimpa mimi. Wewe umelisikia leo asubuhi. Mimi naamka nalo mdomoni kila siku, na kila siku nalimeza. Umekuja na koti lako zuri ukalimwaga chini mbele ya mama yake."

Paskalina akaanza kulia. Koko akamwongezea chai. Wazee wa kwetu ndivyo walivyo, anakupiga kwa mkono huu, anakumiminia kwa mkono huu.

"Koko, sasa nitamuulizaje?" Paskalina akasema. "Nisipomuuliza, kesho anachukuliwa."

"Haraka ya nini? Mtu anaacha vitu vingi nyuma yake, haachi jina tu. Kaa uone nini kimebaki. Lakini kwanza vua hilo koti. Ng'oa nyasi, umpelekee mzee."

Pengine hujui hili. Kwetu nyasi ndiyo uhai wenyewe, bila nyasi hakuna ng'ombe, bila ng'ombe hakuna mtu. Anayekujia ameshika nyasi anaomba amani, na huwezi kumfukuza hata kama hasira bado mbichi. Basi daktari bingwa akavua koti, akalikabidhi kwangu, nikalivaa kwa sababu ya baridi, mbwa wote wa boma wakaanza kunibwekea, na wao wananiona pale miaka yote. Akainama kwenye matope na vile viatu, ambavyo wakati huo vilikuwa havina tena rangi ya kubishania. Akang'oa nyasi, akazishika kwa mikono miwili, akaenda akasimama mbele ya Mzee Koinet. Safari hii hakunyoosha mkono. Aliinamisha kichwa.

Wahenga walisema, ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Nilikuwa nadhani ni methali ya watu wanaotafuta ndala.

Mzee alizitazama zile nyasi. Kisha akamgusa kichwani. "Mpaka ng'ombe warudi," akasema. "Wakirudi na hujapata njia, nimeshasema."

Tukaenda malishoni, kwenye mteremko wa mlima Olmoti, Paskalina na mimi. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda. Saitoti amesimama kwa mguu mmoja, fimbo kwapani, hatutazami. Paskalina akakaa kwenye nyasi zenye maji, hivi hivi. Hakusema kitu. Na mimi nikafungua mdomo niseme kitu cha kuchekesha, akanitupia jicho, nikaufunga. Mwanangu, kunyamaza ni kazi. Wewe unalipwa kwa kazi hiyo, mimi niliifanya bure na nusura nipasuke.

Muda ukapita. Saitoti akageuka, akamwambia Paskalina, "Huyu mjomba wako leo anaumwa? Hajaongea. Mtibu yeye kwanza."

Nilitaka kumkumbatia. Tangu msiba hakuwa amenitania.

Paskalina akacheka kidogo, akaacha kicheko kiishe chenyewe. Alikuwa anatazama ng'ombe. Kulikuwa na dume mmoja wa madoa, ana kengele shingoni, hali na wenzake, kasimama pembeni anatazama msitu. Paskalina akauliza, "Yule wa madoa mbona amejitenga?"

"Anamtafuta bwana wake."

"Na wewe?"

"Mimi simtafuti. Mimi najua alipo. Ananiita."

Hapo ikatoka yote. Kwamba anasikia kengele ikilia msituni wakati dume yuko hapa hapa. Kwamba nyuma ya kengele kuna sauti inamwambia njoo. Kwamba amechoka kuikatalia. Alikuwa anaongea huku anamtazama yule dume, na Paskalina naye anamtazama dume, utadhani wanafanya biashara ya mnadani.

Sasa nakuomba usikie vizuri sehemu hii, usije ukadhani nakuambia utupe vitabu. Paskalina akamgeukia na kumuuliza bila kona: "Saitoti, ukiifuata ile sauti, unataka ufe?"

Nikasema moyoni huyu hajifunzi, katoka kuharibu kule anaharibu na huku. Lakini Saitoti akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia la mahindi. "Ndiyo," akasema. "Hakuna aliyeniuliza." Sisi marafiki zake, ndugu zake, tulikuwa tumemfunga kamba, tumemwombea, tumemchinjia kondoo, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumuuliza. Lile swali hakulipata kwa Koko. Alilipata shule. Hapo ndipo nilipojua kwamba kusoma si bure, ila elimu nayo inahitaji kuonyeshwa mlango wa kuingilia.

Akamweleza kwamba huzuni ikizidi na usingizi ukikata, kichwa kinaweza kuumwa kama tumbo linavyoumwa, na dawa zipo. Saitoti akauliza, "Dawa yako itanisahaulisha yeye?"

"Hapana. Itakusaidia ulale, na nadhani ile kengele itapungua. Sikuahidi kwamba itanyamaza yote. Lakini yeye utabaki naye."

Saitoti akafikiri. "Kama nitabaki naye, nitakunywa."

Jioni ng'ombe wakarudi. Mzee Koinet alikuwa langoni, anawatazama wakiingia. Sisi hatuhesabu ng'ombe, tunawajua kwa sura, pengo likiwepo utaliona. Alipomwona Saitoti anakuja nyuma yao kwa mwendo wa mchungaji, hakumuuliza daktari chochote. Alimuuliza kijana mwenyewe, "Kesho unakwenda na mimi, au unabaki na huyu?"

"Nabaki."

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Kisha akamwambia Paskalina, "Tumeshawaona wengi wanaopanda mlima huu mara moja. Wewe usipoonekana tena, nitamchukua, na nyasi zako hazitanizuia."

Akarudi, mwanangu. Kliniki iliyofuata gari lilinasa kwenye matope huko chini, dereva akasema turudi Karatu, yeye akafunga dawa kwenye shuka na kupanda kwa miguu. Na sitakudanganya kwamba ilikuwa kama muujiza. Dawa za kwanza zilimtetemesha Saitoti mikono, akawa hawezi kushika kikombe, vijana wakamcheka. Paskalina akabadilisha. Kukawa na wiki nzuri, halafu wiki mbaya, halafu mbili nzuri. Kamba mama aliendelea kuifunga. Ila siku moja aliamka asubuhi akakuta hakuifunga, amesahau, na mwanawe yuko pale pale amelala fofofo, anakoroma. Yule mama alikuja mpaka kibandani kwangu kunisimulia kuhusu kukoroma, utadhani anasimulia harusi.

Leo Saitoti anachunga. Kengele huisikia mara mojamoja, mvua zikianza hasa. Akiisikia anamwambia mke wake, kwa sababu siku hizi ana mke, na mke anamwekea chai wanakaa mpaka ipite. Mzee Koinet akisikia kuna kijana mahali hajisikii vizuri kichwani, yeye ndiye wa kwanza kuuliza daktari anapanda lini.

Sasa nasaha zenyewe, maana naona umeanza kutazama simu.

Mwanangu, hilo joho walilokuvisha limekuingiza kwenye nyumba ya madaktari, na hongera, umelitolea jasho. Nyumba ya mgonjwa utaingia kwa mlango wa mwenye nyumba. Kabla hujafungua mdomo kuuliza habari za mtu, uliza kwanza kwao wanaulizaje. Kuuliza si ujinga, na wewe unayelipwa kwa kuuliza ndiyo kabisa hutakiwi kuona aibu. Ukikosea, na utakosea, hata kama ulikuwa wa kwanza darasani, usikimbilie kueleza kwamba ulikuwa sahihi. Omba radhi kwa namna wanayoielewa wao. Ukishasamehewa, usiogope tena mpaka ukaacha kuuliza lile swali zito, kwa sababu kuna mtu amekaa mahali leo anasubiri aulizwe, na wote wanaompenda wanaogopa. Na ukisema utarudi, rudi. Dawa ina kazi yake, lakini huku kwetu mtu anaanza kupona siku anapoona daktari yule yule amekuja mara ya pili.

Sasa inamisha kichwa nikubariki, usicheke, hata mimi nikibariki huwa siko peke yangu, wazee wangu wote wako nyuma yangu.

Mungu wa mvua nyeusi, ile inayootesha nyasi, akutazame. Akulaze usingizi mzuri, wewe ambaye kazi yako ni kuwatafutia wengine usingizi. Yale mazito utakayosikia yapite kwako kama maji ya mtoni, yasitengeneze bwawa. Upate ng'ombe, upate watoto, na kama hupendi ng'ombe upate hata kuku, mradi nyumbani pawe na kitu kinachokusubiri. Wakubwa wako wakurekebishe bila kukuvunja. Na kila mlima utakaopanda mara ya kwanza kwa hofu, upande mara ya pili ukiitwa kutoka juu: "Huyo anakuja, wekeni maziwa motoni."